Miti Tuliyoipa Namba

Muti wa kwanza tuliokuta ulikuwa wa kumi na nne. Prof ndiye aliyeuona. Mimi nilikuwa nimeinama nikimutengenezea mahali pa kukanyaga, maana goti lake la kushoto lilikuwa limeanza kumusumbua. Nikasikia fimbo yake imeanguka, nikainua macho. Muti ulikuwa uchi. Kutoka mizizi mpaka pale matawi yanapoachana, ganda lote lilikuwa limetolewa, na mwili wa ndani ulikuwa mwekundu, unatoka maji, kama mbuzi aliyechunwa dakika ile. Upande wa njia waliacha kipande kimoja tu cha ganda, cha ukubwa wa kiganja. Katikati yake kibati chetu chenye namba. Kisu kilikizunguka vizuri, kwa sababu bati linaharibu makali.

"Katorze," Prof akasoma, kwa sauti ya siku zote.

Akatoa mufukoni mita yake ya fundi cherehani, akazungusha kiuno cha muti, mita ikarudi imelowa, akaandika kipimo kwenye kaye, daftari lake. Tukaenda kwa wa kumi na tano. Uchi. Kumi na sita. Uchi. Kila mara anasoma, anapima, anaandika, kama daktari anayepima joto la mutu aliyekwisha kufa. Kwenye muti wa ishirini na mbili mukono ulimukataa. Akaninyooshea kalamu.

"Andika wewe, papa."

Mimi niliyeacha shule mwaka wa ine wa primere. Niliandika. Miti arobaini na moja tuliyoichunga zaidi ya miaka ishirini, tuliikuta thelathini na nane imechunwa. Mitatu ilipona kwa sababu iko kwenye korongo, pale mutu hawezi kusimama na gunia.

Sasa nitasema mambo yalivyoanza, maana nikianza na hasira tu, hamutajua tulipoteza nini.

Niliingia Goma kijana, nikitokea milima ya Masisi, baada ya baba kuuawa na shamba letu kuchukuliwa. Aliyelichukua alikuwa mukubwa mumoja wa mujini. Alikuja na karatasi yenye muhuri. Sisi hatukuwa na karatasi. Tulikuwa na migomba na makaburi ya wazee wetu. Hakimu aliangalia karatasi. Hilo la muhuri lilinikaa kichwani, na miaka mingi baadaye ndilo lilituponza.

Nikakaa mutaa wa Mabanga, nikawa musukumaji wa chukudu, kile chombo chetu cha mbao cha magurudumu mawili ambacho mutu akijua kukiongoza anaweza kushusha nacho nusu ya mulima. Siku moja nilikuwa nashusha kuni kutoka upande wa Sake. Mutu mumoja mwembamba, amevaa koti la mvua juu ya tai, akanisimamisha katikati ya njia. Nikajua: huyu ni wa serikali, leo nimekwisha. Akachomoa jani lililobaki kwenye tawi, akalivunja, akanusa. Akafumba macho.

"Papa, hizi kuni umezitoa wapi?"

"Kwa muti."

"Muti gani?"

"Ile ilianguka. Mimi sikuikata, chef. Ni upepo."

"Mimi si chef. Niko asistanti kwa iniversite."

"Basi, asistanti, unataka nini na kuni zangu?"

"Nataka unipeleke kwenye ilianguka. Nione kama iliacha batoto."

Nilimuangalia mara mbili. Nilishaona watu walioharibika kichwa kwa vita, lakini huyu alikuwa amefunga kamba za viatu vizuri. Nikaegemeza chukudu kwa mama mumoja muuza maharagi, nikamupeleka.

Ule muti niliujua tangu utoto. Kijiti cha jani lake ni chekundu, na ukiponda jani unasikia harufu tamu yenye uchungu ndani. Baba yangu alitumia ganda lake kwa wazee waliokuwa wanashindwa kukojoa. Walikuja kwake asubuhi wakitembea kama bata, wakirudi baada ya wiki wanacheka. Alikuwa na sheria yake. Ganda linatolewa pande mbili tu, upande wa jua linapotoka na upande wa jua linapoingia. Zile pande mbili zingine huzigusi, muti unakula kwa njia ile. Kisha unapaka kidonda udongo na mavi ya ng'ombe. Na usirudi kwa muti ule mpaka mutoto aliyezaliwa mwaka huo aweze kuchunga mbuzi.

Nilimuambia yule asistanti haya yote tukipanda, hivi hivi, kama maneno ya njiani. Akasimama. Mvua ilikuwa inanyesha. Akafungua koti, akaficha kaye kifuani, akaanza kuandika amesimama.

"Sema tena, papa. Pole pole."

Katika maisha yangu hakuna mutu aliyekuwa amenitaka nirudie neno ili aliandike, isipokuwa polisi.

Basi tukaanza. Wakati wa likizo, na siku barabara ilipokuwa wazi, tulipanda kutafuta ile miti. Ilikuwa imebaki michache, mumoja hapa, mingine ng'ambo ya mabonde mawili, katikati ya malisho ya watu wa ng'ombe na mashamba ya viazi. Prof, wakati ule bado tukimuita asistanti, alitaka kujua ni ipi inayozaa, ni ndege gani anakula matunda na kubeba mbegu, na kwa nini miche haioti mbali na mama yake. Alikuwa anaweza kukaa muchana muzima chini ya muti mumoja, mudomo wazi, anahesabu ndege. Mimi namenya viazi. Kama ndege hawaji, tunabadilishana: mimi nahesabu, yeye anamenya. Alimenya vibaya, anaacha nusu ya kiazi kwenye ganda, na nilimuambia.

"Asistanti, kwa viazi wewe ndiye mwizi wa maganda."

Alicheka mpaka akakohoa.

Namba zilikuwa akili yake. Alisema kitu chenye namba kina mutu anayekingoja. Vibati tulivikata kwenye makopo ya maziwa ya unga, kwa makasi ya Mama Prof, bibi yake wa ndoa, ambaye mpaka leo hajatusamehe yale makasi. Mimi ndiye nilipanda na kupigilia. Na kwa sababu ni mimi niliyechonga namba kwa musumari, ilibidi nizijue vizuri. Kutoka namba nikahamia kwa majina ya vilima, kutoka majina nikahamia kwa mistari. Alinisomesha hivyo, bila kusema kwamba ananisomesha. Nikikosea, alikuwa anasema tu, "Hapa muti utasikia vibaya."

Mabanga walinicheka.

"We papa, siku hizi uko nafanya kazi gani?"

"Nahesabu miti."

"Yesu! Na yenyewe inakuitika?"

Bibi yangu ndiye alikuwa mubaya zaidi. Akiwa anatwanga majani ya sombe mbele ya majirani, anasema kwa sauti: "Mimi niko na bakewenza arobaini na moya, bote banasimama ku pori, hata habanisaidiye." Lakini siku nilipoleta tezi ya Prof, kitabu alichoandikia iniversite, kinene kama tofali, akafungua ukurasa wa kwanza na mutoto wetu akamusomea. Prof alikuwa ameandika jina langu, na jina la baba yangu marehemu, kwamba sheria ya pande mbili ni ya kwake. Bibi yangu aliosha mikono kabla ya kukishika tena.

Kila alipopanda cheo, nilidhani sasa ataniacha. Akawa chef de travo, akawa profesere, watu wakaanza kumupisha njiani. Alifundisha kwenye salle moja iliyojaa mpaka madirishani, bila mikrofone, sauti ikamuisha, jioni anaongea na mimi kwa kunong'ona. Wazungu walimuandikia, wakamutaka aende kwao kufundisha, yeye na familia yake. Mama Prof alikwisha kuanza kugawa viti. Yeye akakataa. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Nikienda, nani ataniambia kama ya ishirini na tatu ilizaa?" Mama Prof hakuongea naye wiki mbili. Kisha aliomba viti vyake kwa majirani, kimoja kimoja.

Na ile siku lava ya mulima wa moto iliposhuka mujini, nilikimbia kwao, mutaa wa Mapendo, kuwasaidia kubeba. Nilimukuta Prof anatoka mulangoni, amekumbatia sanduku la kaye, miwani imepinda.

"Umebeba makaye!" Mama Prof analia nyuma yake. "Sufuria je? Batoto batakulia mu kaye?"

"Mama, sufuria iko ku soko."

"Na bwana je, iko ku soko? Ju huyu wa kwangu ameharibika!"

Tulitembea wote na lile sanduku, mimi na yeye tumelishika kila mumoja upande wake, na Mama Prof mbele anatutukana mpaka tukafika salama. Nikikumbuka sauti yake siku ile, bado nafurahi.

Mutu wa tatu katika habari hii alikuja baadaye. Siandiki jina lake, lakini yeye akisoma atajijua, na wale walio naye kwenye biro watamujua. Alikuwa mwanafunzi wa Prof. Alikuwa na kichwa kizuri, sitasema uongo. Alipanda na sisi misimu mitatu. Alikula maharagi kwenye sufuria yetu, alilala katikati yetu kwa sababu ya baridi. Prof alimupa bote, viatu vyake vya mvua, yeye mwenyewe akabaki na viatu vya muji. Alimuita Prof "baba", na mimi "papa mukubwa". Alionyeshwa kila muti. Lakini hata yeye, peke yake, bila ramani asingeweza kuikuta yote. Vile vilima vinafanana na ukungu hauna rafiki.

Alipomaliza masomo akaingia kwenye biro ya serikali inayohusika na miti na pori, na baada ya miaka michache akawa ndiye chef wa biro. Prof alifurahi kama aliyeozesha. "Sasa tuko na mutu wetu ndani," alisema.

Na hapa ni kosa langu, nalitaja mwenyewe. Ramani ya miti yote ilikuwa moja tu, mukononi mwa Prof, namba nimeziandika mimi. Wachoma makala, wale wanaogeuza miti kuwa mukaa, walikuwa wanakaribia. Nilimuambia, "Prof, peleka karte kwa biro. Wapige kashe, muhuri wao. Kitu bila kashe si chako, mimi niliona kwetu." Yeye alisita. Alisema karatasi ikitoka nyumbani haina tena mwenyewe. Nilimusukuma siku nyingi. Nilifikiri kama baba angekuwa na muhuri, tungekuwa na shamba. Mwishowe akakubali, ndiyo, kwa sababu mukubwa wa pale ni mutoto wetu. Tulikwenda wote wawili, tumevaa vizuri. Akatupokea kwa mikono miwili, akatuletea soda, akapiga muhuri mbele yetu kwenye ile karatasi, akaifungia kwenye kabati ya chuma. Tulirudi kwa miguu, nikijisikia nimemulipia baba kitu.

Kisha vita vikafunga barabara, karibu misimu miwili hatukupanda. Barabara ilipofunguka, tulikuta kile nilichoandika mwanzo.

Siku tatu baada ya kukuta miti uchi, Prof alitaka turudi. Alikuwa na wazo ambalo yeye mwenyewe, profesere, alijua ni la bure: tuipake. Muti uliochunwa pande zote hauponi, hilo aliliandika mwenyewe kwenye kitabu. Lakini tulikwenda, tukachimba udongo, tukaanza kwa wa kumi na nne, tukipaka kwa viganja, kama mutu anayekandika nyumba. Mufugaji mumoja wa kilima kile alisimama akituangalia, amejifunika blanketi.

"Bazee, munapaka nini?"

"Dawa ya kidonda," Prof akasema.

"Bila mavi ya ng'ombe? Hiyo haiko dawa."

Akaenda. Akarudi na ndoo imejaa, ya moto bado, na bibi yake nyuma na ndoo nyingine. Hatukuwaomba. Walipaka na sisi mpaka muchana, wakituambia waliona watu wanashusha magunia kwa wiki nzima, wenye karatasi, na kwamba walipouliza wakaonyeshwa muhuri. Mufugaji alisema, "Tuliona kashe, tukanyamaza." Nilijua vile kunyamaza kule kunavyokaa mwilini. Tulipaka tisa. Prof akawa anapapasa shina pole pole, anasawazisha udongo kwenye kila ufa, kama unavyopaka mutoto mafuta akitoka kuoga. Kwenye wa kumi alikaa chini. Akaniita, lakini jina langu lilitoka limepinda. Tulimushusha kwenye chukudu, amefungwa na blanketi la mufugaji, na mimi niliongoza, polepole kuliko nilivyowahi kuongoza kitu chochote.

Tangu siku ile mukono wake wa kuume hausikii, na maneno yanakuja moja moja.

Mimi nilitafuta. Sijui kufanya recherche, utafiti wa wasomi, lakini magunia ya ganda hayaendi mbali bila kunusika. Nilikwenda Kituku, pale maboti yanapakia, nikakaa siku nyingi kati ya mama wauza samaki wadogo wa sambaza. Ile harufu niliisikia kabla ya kuona gunia. Wabebaji walikuwa wanapakia, na karani wa mufanyabiashara mumoja munene wa muji, mwenye depo ya dawa na ngozi, alikuwa na karatasi anahakikisha. Nilimusogelea nikajifanya natafuta kazi ya kubeba. Ilikuwa fotokopi ya ramani. Namba zilikuwa za mukono wangu. Ile saba yangu yenye mukia naijua. Na pembeni muhuri wa biro. Ramani iliyopigwa muhuri ni moja tu duniani, ile iliyofungiwa kwenye kabati mbele ya macho yetu.

Nikaenda biro. Kwa vile vita muji ulikuwa umebadilisha wakubwa, yeye hakubadilisha kiti. Alinyanyuka.

"Papa mukubwa! Karibu. Prof iko namna gani? Nilisikia, nikauzunika sana."

"Karte yetu iko wapi?"

"Karte iko dokima, karatasi ya serikali, papa. Inatumikaka."

"Ulimupa mufanyabiashara."

"Nilitoa otorizasio. Soma." Akasukuma karatasi mezani. "Robo mbili kwa kila muti, mashariki na mangaribi. Sawasawa na tezi ya Prof. Hata nilimutaja. Kama batu balivuna zaidi, hiyo ni kosa ya batu."

Nilisoma. Nilisoma yote, mustari kwa mustari, kwa yale macho aliyonifungua Prof. Sheria ya baba yangu ilikuwa pale, na jina la Prof chini yake, zimegeuzwa kuwa ruhusa.

"Na nani alikwenda kuangalia kama bamevuna mbili?"

"Papa, barabara ilikuwa mubaya."

"Barabara ilikuwa muzuri kwa kamyo."

Akaangalia saa yake. Akasema ana mukutano. Akaniambia nimusalimie baba.

Sasa jambo ninaloandikia haya yote ni hili. Prof hajakubali kujua. Nilimuambia habari ya Kituku, nilimuambia habari ya muhuri, na yeye amekataa kuamini. Anakaa kwenye veranda Mapendo, Mama Prof amemuwekea muto mugongoni, anamulisha fufu kwa mukono wake na anamutukana kidogo ili asisikie anaonewa huruma. Prof anasema yule kijana walimudanganya. Anasema kabati ilivunjwa. Anasema, neno moja moja, "Alikuwa... mwanafunzi... muzuri. Atakuja... kueleza." Kila gari likipunguza mwendo kwenye njia anageuza shingo. Mama Prof ameniambia jikoni, bila kutukana, kwamba daktari hakumupa muda murefu, na kwamba huyu mutu hatakufa vizuri bado anangoja.

Ningeweza kumuacha na uongo wake mutamu. Nimefikiri hivyo asubuhi nyingi, nikimunyoa ndevu. Lakini mutu aliyetembea maisha yake yote akitaka kujua, hata ndege gani amekula tunda gani, kumuacha peke yake bila kujua ni kumuibia mara ya pili.

Basi wewe, chef wa biro, ninakuita. Wewe mufanyabiashara pia, nitakufikia, lakini wewe hukula sufuria yetu. Chef, hukumu yako siwezi kuipata. Mahakama ninazijua, zinasoma muhuri. Ninataka uje Mapendo, kabla ya mugonjwa kwenda. Biro yako na pale ni mwendo mufupi, hata kwa miguu. Uje muchana, ukae mbele yake, Mama Prof na mimi tukisikia, na umuambie kwa mudomo wako: nani alikuja kukuomba karte, ulimuuliza nini kabla ya kufungua kabati, na ulipoandika jina la Prof chini ya ile ruhusa, ulijua hawatachuna pande mbili tu, au hukujua? Anakungoja. Mujibu.